Mwacheni binti wa watu, aliyekula meza ni ndimu

Nina hasira, na nitaandika nayo hivyohivyo.

Mama mmoja wa hapa Goma, mtu ninayemheshimu sana, amemkata binti wa kazi nusu ya mshahara kwa ajili ya meza. Meza ya marimari, nyeupe, yenye mishipa ya kijivu, ile ya saloni, yaani sebuleni, ambayo watoto wa nyumbani hawaruhusiwi kuisogelea. Juu yake imetokea miviringo hafifu, upana wa kitako cha glasi. Ukiinama ukatazama kuelekea dirishani unaiona vizuri: jiwe lote linang'aa, pale limefifia. Ukipitisha kidole, panakwaruza kidogo. Binti akaambiwa hajui kupangusa, akapewa unga wa kusugulia masufuria. Akasugua kwa bidii zake zote, maskini. Sasa miviringo imekuwa viraka.

Ndugu zangu, lile si doa. Doa ni kitu kilichoingia kwenye jiwe. Pale jiwe lenyewe limepungua. Marimari ni kaboneti ya kalisi, kitu kilekile cha ganda la yai, na asidi yoyote ikiigusa inaitafuna papo hapo: ndimu, siki, divai, Coca-Cola, juisi ya marakuja. Haya, nani alimwaga asidi? Siku ile wageni waliletewa sambaza za moto, wale samaki wetu wadogo wa Ziwa Kivu, pilipili pembeni, ndimu zimekatwa vipande. Waheshimiwa wakakamua, wakaramba vidole, wakapiga siasa, wakaweka glasi za marakuja kwenye meza tupu. Binti alikuwa jikoni anakaanga. Alipoitwa kuondoa sahani, ndimu ilikuwa imekwisha kula na kushiba, maana haihitaji saa nzima, dakika chache zinaitosha.

Na huyo ndiye wa kukatwa mshahara!

Muuzaji hakusema kitu zaidi ya kuapa kwamba jiwe limetoka Carrara, Italia, na wajukuu watalirithi. Mafundi nao nimewaona kwa macho yangu wakimaliza sakafu ya marimari kwa kuimwagia asidi ya kuondoa saruji, kama wanavyofanya kwenye karo, yaani vigae. Mwenye nyumba ametoa dola zake, kisha hakupata hata muda wa kumwambia anayesafisha: hili si karo, usilipeleke mbio. Watu wazima wote hao, tena wenye pesa, halafu lawama inamwangukia mwenye kitambaa na bidoni la maji. Wengine hata humnunulia dawa ya choo yenye asidi, kwa sababu kwenye chupa wamechora sakafu inayometameta. Hongereni.

Kazi yenyewe wala si ngumu. Maji vuguvugu, matone machache ya sabuni laini ya vyombo, kitambaa laini, suuza, kausha. Kikimwagika kitu, futa hapohapo, usingoje wageni waage. Mafuta ya sambaza yakishanywewa na jiwe, kanda bikaboneti, ile soda ya kuokea, na maji iwe uji mzito, paka, funika na plastiki mpaka kesho yake. Ile dawa ya kuziba vinyweleo vya jiwe inachelewesha mafuta, ndimu haiizuii, hata muuzaji akiapa tena.

Javel, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe? Haya, nakubali shingo upande: si asidi, haili jiwe kama ndimu. Lakini ukiitumia kila siku mng'ao unaondoka polepole. Na asiwepo wa kuichanganya na dawa ya choo. Gesi inayotoka hapo inaua watu.

Halafu kuna vumbi letu. Wenzetu wa kwingine wanafagia udongo, sisi tunafagia mlima. Lava ya volkano yetu ya Nyiragongo, ile ya 2002 na ile ya 2021, bado inasagwa na matairi na inaingia ndani na kandambili. Marimari ina ugumu wa kama 3 kwenye kipimo cha Mohs kinachoishia 10. Chembe nyingi za lava zinapita 5. Kwa hiyo ukipiga deki kabla ya kufagia, unalikwaruza jiwe ukidhani unalisafisha. Fagia kwanza, kwa ufagio laini, na weka kitu cha kupangusia miguu mlangoni.

Ngazi za marimari nje ya nyumba sizitetei kabisa. Moshi wa Nyiragongo una gesi ya salfa, mvua ikipita humo inashuka na asidi yake, na mabati yetu yenye kutu ni mashahidi. Hapo hata umkate binti mshahara wa mwaka mzima, ngazi zitafifia tu.

Meza iliyokwisha kuliwa inasuguliwa upya na fundi wa mawe mwenye vifaa vyake, na mwenye meza ndiye anayelipa. Mimi ningekuwa na dola za kutupa, jikoni na saloni ningeweka granite, ambayo haina habari na ndimu. Marimari ningeibandika ukutani, juu kabisa, mahali asipofika mtu mwenye sahani ya sambaza.