Lawama si ya wazazi peke yao
Makala ninayoijibu hapa inadai kwamba mzazi akiwa makini mtoto hatapoteza fedha katika michezo ya video, lakini haigusi kabisa kesi ya mchezo wa video wa Fortnite, ambapo Desemba 2022 kampuni inayoutengeneza, Epic Games, ilikubali kulipa dola milioni 245 baada ya Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani kuituhumu kupanga vitufe kwa namna iliyomfanya mchezaji akatwe fedha kwa kubonyeza mara moja tu, hata mchezo ukiwa bado unafunguka. Tume ilisema pia kwamba waliopinga makato hayo kwa kampuni za kadi zao walifungiwa akaunti, wakakosa hata vitu walivyokwisha kuvilipia. Uzembe wa mzazi uko wapi hapo? Ubelgiji, kwa busara, tangu 2018 inayahesabu makasha ya kubahatisha yanayouzwa michezoni, ambayo mnunuzi hajui kilichomo hadi alipe na kuyafungua, kuwa kamari.