Ruhusa Imekataliwa, na Sababu Hutaambiwa

Mlinzi wa jumba la kitajiri kule Masaki akikuzuia getini, angalau utajua kosa lako: bosi kasafiri, hukupiga simu kabla, au hizo ndala. Seva, ile kompyuta ya mbali unayoingia kwa mtandao, haina muda huo. Unaandika ssh, amri ya kuingilia huko, jina, anwani, unabonyeza Enter, unajibiwa "Permission denied" na neno publickey pembeni, basi. Maana siku hizi getini huonyeshi sura, unaonyesha ufunguo, ambao ni jozi ya mafaili: la siri linabaki kwako, la umma linakaa kwenye seva. Ukirudia, nayo inarudia. Ukirudia kwa hasira inajibu kwa upole uleule, na huo upole ndio unaochoma.

Tena inafanya makusudi. Ikisema "jina hili halipo hapa", mwizi anajaribu jina lingine. Ikisema "jina sawa, ufunguo siyo", imeshampunguzia nusu ya kazi. Kwa hiyo ukikosea jina, ukileta ufunguo wa nyumba nyingine, au folda yako ikiwa wazi kupita kiasi, jibu ni hilohilo. Haya, usalama tumeuelewa. Lakini mwizi mwenyewe ni roboti, hasinzii wala haoni aibu. Anayeumia ni mwenye seva, anayeilipia kila mwezi.

Na bado mwenye "Permission denied" ana nafuu, kafika getini. Aliyejibiwa "Connection refused" kafika kwenye mlango usio na mtu nyuma yake: sshd, programu inayopokea wageni wa ssh kwenye seva, haijawashwa, au imehamishwa kutoka poti 22, namba ya mlango wake wa kawaida, bila kuagana. Aliyejibiwa "Connection timed out" hata barabara hajaipata, fayawoli, ukuta unaochuja mawasiliano, inameza salamu zake kimyakimya au anwani yenyewe siyo. Wapo watu wanaopata "timed out" kisha wanakesha wakibadilisha ruhusa za mafaili. Jino linauma, wao wanakata kucha.

Tuanze na jina, maana hapo ndipo aibu nyingi zinapozaliwa. Usipotaja jina, ssh inachukua lile unalotumia kwenye kompyuta yako. Kama laptopu inakujua kwa jina la babajunior, basi inakwenda hadi ng'ambo kumwambia mlinzi, "Nimemleta Baba Junior." Baba Junior nani? Huko kwenye seva za kukodi za Amazon, kila aina ya Linux ina jina lake: Ubuntu inamtaka mtu anayeitwa ubuntu, Debian inamtaka admin, na Amazon Linux inamtaka ec2-user. Na usijitie ukubwa wa kuingia kama root, mtawala mkuu wa mashine, kwa pasiwedi: tangu toleo la 7.0 la programu ya OpenSSH, mwaka 2015, mlango huo umefungwa mpaka mwenye nyumba aufungue mwenyewe kwenye mipangilio.

Jina likikaa sawa, laptopu yako mwenyewe inaanza vituko. Unaona alama za @ zimejipanga kama uzio wa mabati, katikati maandishi makubwa kwamba ufunguo wako wa siri haulindwi, "Permissions 0644 for ... are too open". Hapo seva haina kosa, ni ssh ya nyumbani kwako inayogoma kuushika ufunguo unaosomwa na kila mpita njia. Dawa ni chmod 600, amri ya kubadilisha ruhusa, juu ya faili hilo. Hesabu yake ni ya sokoni: kusoma 4, kuandika 2, kuendesha 1. Tarakimu ya kwanza ni yako, ya pili ya kundi, ya tatu ya walimwengu. 600 maana yake wewe unasoma na kuandika, wengine wakalale. Wanaotumia WSL, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows, wana msiba wa ziada: ufunguo ukiwa ndani ya /mnt/c, yaani diski C ya Windows, kwa kawaida unaonekana una 777, kila mtu ruhusa zote, unapiga chmod inanyamaza kana kwamba imekubali, ukiangalia tena 777 iko palepale. Nakili ufunguo kwenye ~/.ssh, folda ya funguo ya Linux yenyewe, ndipo chmod ishike.

Sasa tufike kwa mganga wa 777. Kila ofisi inaye. Kitu kikikataa, yeye dawa yake ni moja: chmod -R 777, kama mwarobaini. Kwenye ssh dawa hii inaua mgonjwa. Seva ina kipengele kiitwacho StrictModes, nacho kimewashwa toka kiwandani. Kabla ya kuuamini ufunguo wako, sshd inakagua folda yako ya nyumbani huko kwenye seva, inakagua .ssh iliyomo, inakagua authorized_keys, faili lenye orodha ya funguo za umma zinazoruhusiwa. Ikikuta mtu mwingine yeyote anaweza kuandika hapo, inaupuuza ufunguo kabisa. Yaani umefungua milango yote ili uingie, na kwa sababu hiyo hiyo umefungiwa nje. Na usiseme inaonea, kwa sababu anayeweza kuandika kwenye folda yako ya nyumbani anaweza kuihamisha .ssh yako na kuweka ya kwake, halafu aingie akijiita wewe.

Wengi wanaishia kwenye .ssh kwa 700 na authorized_keys kwa 600, wanapangusa jasho, wanakataliwa tena. Folda ya nyumbani yenyewe wameisahau! Ikiwa 755 au 750 inapita. Ikiwa 775 kundi linaweza kuandika, basi kwa kawaida umekwama. Amri chmod go-w ~ inamaliza kesi.

Halafu kuna kosa la heshima: mtu katengeneza authorized_keys kwa sudo, amri ya kuazima mamlaka ya root. Faili ni 600, kila kitu kinapendeza, isipokuwa mwenye mali ni root. Sshd inapokwenda kulisoma inavaa nguo zako, si za root, kwa hiyo inakuta faili lisilosomeka. Piga ls -la uangalie jina la mwenye faili, kisha ubadilishe mwenyewe kwa chown -R juma:juma /home/juma/.ssh, kama Juma ndiye mwenye nyumba. Kwenye mashine za jamii ya Red Hat, aina nyingine ya Linux, kuna mlinzi wa ziada aitwaye SELinux, naye anataka salamu yake: restorecon -R -v ~/.ssh.

Na ufunguo uliotumwa kwa WhatsApp? Ufunguo wa umma ni mstari mmoja, kuanzia ssh-ed25519 au ssh-rsa mpaka mwisho. Ukinakiliwa ukakatika mistari miwili, kwa seva huo si ufunguo, ni mashairi. Waliokuwa na njia ya pasiwedi watumie ssh-copy-id, amri inayoupeleka ufunguo yenyewe, wapumzike.

Kuna na yule mwenye kishada cha funguo kama karani wa gesti. Ssh-agent, programu inayokushikia funguo, inajaribu mmoja baada ya mwingine, na seva kwa kawaida inavumilia majaribio 6 tu. Ufunguo sahihi ukiwa wa nane, utasikia "Too many authentication failures" kabla zamu yake haijafika. Taja ufunguo mmoja kwa -i, uongeze -o IdentitiesOnly=yes. Ukiendelea kubahatisha, fail2ban, programu ya kuadhibu wanaokosea mara nyingi, ikiwepo inaifungia anwani yako. Ilivyotoka kiwandani ni makosa 5 ndani ya dakika 10, adhabu dakika 10. Mnaotumia intaneti moja ofisini, mmoja akikosea mnafungiwa kwa ujumla, kama darasa lililopiga kelele.

Sababu ya kweli ipo, imeandikwa. Upande wako ongeza -v, ikibidi -vvv, uone ufunguo upi umepelekwa. Upande wa seva soma /var/log/auth.log kwa Ubuntu na kwa Debian kabla ya toleo la 12, /var/log/secure kwa Red Hat, au piga journalctl -u ssh; huduma hiyo Red Hat wanaiita sshd. Humo utakuta "bad ownership or modes for directory", na jina la folda kabisa! Mlinzi alijua muda wote. Tatizo ni kwamba daftari liko ndani, wewe uko nje, na ufunguo wa kabati umefungiwa kabatini. Ndiyo maana watoa huduma wengi wana konsoli, dirisha la kuingilia seva bila ssh, kwenye ukurasa wao. Ingia kwa huko.

Ukishaingia usijifanye fundi wa haraka. Unahariri sshd_config, faili la mipangilio ya sshd, unaandika PasswordAuthentication yes ili pasiwedi zikubaliwe, unawasha upya, wapi! Sshd inashika thamani ya kwanza iliyokutana nayo, na kwenye Ubuntu faili hilo huanza kwa kuita folda ya sshd_config.d, ambako 50-cloud-init.conf huenda imeshasema no. Amri sudo sshd -T inakuonyesha kinachofuatwa kweli, sudo sshd -t inakagua makosa ya maandishi. Angalia pia AllowUsers, orodha ya wanaoruhusiwa kuingia: ikiandikwa tu, asiyetajwa hana chake, hata aliyeiandika. Na dirisha la kwanza usilifunge mpaka dirisha la pili liingie. Liache wazi hata umeme wa laptopu ukibaki asilimia tatu.

Umeingia? Hongera. Sasa piga sudo. "Hayumo kwenye sudoers", yaani orodha ya wanaoruhusiwa kuitumia. Unatafuta mwenye mamlaka akuongeze kwenye kundi la sudo, kwa Red Hat wheel, naye anapiga usermod -G, amri ya kupanga makundi, bila -a, anakufuta kwenye makundi mengine yote ya ziada uliyokuwamo. Anarudia na -aG. Bado inakataa, kwa sababu makundi husomwa unapoingia, kwa hiyo toka uingie tena, yaani rudi getini kwa yule yule. Wakati huo sudo ya kizamani imeshakutangazia kwamba tukio hili litaripotiwa. Kwa nani? Kwa barua pepe ya root, ambayo kwenye seva nyingi hata posta haijawekwa.