Taa ikizimwa, mkanda ubaki

Taa ya mkanda ikizimwa tu ndani ya ndege, utasikia ka! ka! ka! safu hadi safu, kila mtu anafungua. Nje jua linawaka, wingu hakuna, wasiwasi wa nini? Mimi sifungui, na ninawasihi nanyi msifungue.

Tarehe 21 Mei 2024, Boeing 777 ya Singapore Airlines iliyotoka London ilikuwa juu ya Myanmar, futi 37,000, na abiria 211. Ripoti ya awali ya wachunguzi ilisema huenda ilikuwa ikipita juu ya mawingu ya radi yaliyokuwa bado yanajijenga. Taa ikawashwa. Sekunde kama 8 baadaye ndege ikashuka ghafla futi 178, yaani mita 54 hivi, ndani ya sekunde 4.6. Ndege ilishuka, wasiofunga wakabaki hewani, kisha wakabwagwa chini. Makumi waliumia, na abiria mmoja alifariki, ikidhaniwa ni moyo. Sekunde 8! Hata mtoto humalizi kumpakata vizuri.

Wengi tunadhani dhoruba inaishia pale wingu linapoishia. Sivyo. Wingu la radi ni hewa ya joto inayopanda kwa nguvu. Ikifika juu na kugonga tabaka la anga lililotulia, inalisukuma, nalo linapanda na kushuka kama maji ya bwawa yaliyotupiwa jiwe. Mawimbi hayo husafiri makumi ya kilomita, na pale yanapovunjika ndipo ndege hutikiswa, ilhali dirishani ni bluu tupu. Rada ya ndege nayo hutafuta matone ya maji. Hewa kavu haioni. Ndiyo maana marubani Marekani hushauriwa kuikwepa radi kali kwa angalau maili 20.

Kwa hiyo lile tangazo la "tunapendekeza ufunge mkanda ukiwa umeketi" naliona legevu mno. Liwe agizo. Ukikubana, ulegeze kidogo. Ukitoka msalani, funga tena.

Sisi tunaopita Ziwa Victoria usiku ndio kabisa. Pepo za nchi kavu hukutana katikati ya ziwa, na radi hujijenga pale hadi alfajiri. Safari moja niliona wingu likimulika kwa mbali kama kurunzi ndani ya chandarua, na juu yetu nyota zimejaa. Mama wa kiti cha pili alikuwa amelala, mkanda unaning'inia.

"Mama, samahani, mkanda."

Akaufunga, akalala tena.