Ukimpata fundi mtandaoni, rudi useme kazi iliendaje

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya mitaa ya Arusha haipiti siku bila mtu kuandika: "Jamani, naomba namba ya fundi bomba mzuri, niko Njiro." Muda si muda namba zinamiminika. "Mpigie huyu." "Huyu yuko vizuri." Mwulizaji anashukuru, na habari inaishia hapo. Baada ya siku chache mtu wa Moshono anauliza hilo hilo, anapewa namba zile zile, na hakuna anayejua yule wa Njiro alihudumiwaje.

Hili linaniuma sana. Namba zimejaa, ushuhuda hakuna.

Zamani jirani alikupeleka mwenyewe kwa seremala, na kabati alilotengeneza ulikuwa umeliona sebuleni kwake. Seremala akiharibu, mtaa mzima unajua kabla ya jioni. Leo mteja yuko Kwa Mrombo, fundi anatoka Usa River, kinachowakutanisha ni picha tatu za Facebook, na picha zenyewe huenda zimechukuliwa kwenye ukurasa wa mtu mwingine.

Wapo wanaosema laini zimesajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo tapeli hana pa kukimbilia. Sawa, usajili unasaidia kumjua mwenye laini. Haukuambii kama anajua kuunga bomba lisivuje. Kwa umeme angalau pana pa kushikia: EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inatoa leseni kwa mafundi wa kufunga umeme, na ukiomba kuiona mtu akaanza kuzungusha maneno, tafuta mwingine. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, nayo huwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia ufundi mtaani. Lakini fundi rangi, msafisha mazulia, mwenye kirikuu cha kuhamisha vyombo, dada wa keki, hao wanabebwa na maneno ya wateja waliowahudumia.

Na maneno hayo yawe na kitu ndani yake. Mama mmoja kwenye grupu letu aliandika ujumbe ambao natamani wote tuuige. Fundi alifika Jumamosi saa tatu asubuhi kama alivyoahidi, akabadilisha koki ya jikoni. Vifaa walikwenda kununua pamoja, risiti akabaki nazo mama mwenyewe. Ufundi alilipa kazi ilipokwisha, na wiki ya tatu sasa sinki halivuji. Akaongeza kwamba fundi aliacha uchafu, mpaka alipoambiwa ndipo akasafisha. Hapo mimi nimeshajua namwita nani, na nimwambie nini kabla hajaanza.

Suala la vifaa lisikupite hivi hivi, maana ugomvi mwingi unaanzia hapo. Fundi hana mtaji, anaomba atumiwe pesa akanunue. Mteja anatuma, kisha simu inazimwa, au kinaletwa kifaa hafifu kwa bei ya kile imara. Nenda naye dukani, au mlipe mwenye duka moja kwa moja. Fundi mwaminifu halimuudhi hilo, linamwondolea lawama.

Tuwe wa haki pia kwao. Kuna wateja wanaomwita mtu kutoka Tengeru, anapanda daladala kwa nauli yake, akifika anaambiwa "nimeshapata mwingine, kaka." Kuna wanaokata hela kazi ikishakamilika. Fundi hana pa kusemea, kwa sababu grupu ni la wateja. Anayelalamika ataje kazi, tarehe na makubaliano yalikuwaje, na fundi apewe nafasi ya kujibu kabla jina lake halijasambazwa mji mzima. Jina hilo ndilo linalolisha watoto wake.

Ninaowafikiria zaidi ni vijana wanaomaliza chuo cha ufundi, hawana kibanda wala ndugu mjini. Kazi ya kwanza wanaipata kwa kuonewa huruma. Ya pili inategemea aliyewapa ile ya kwanza kama ataandika. Ndiyo maana nawaomba maadmini wa magrupu ya mitaa waweke sharti hili: aliyeomba namba arudi ndani ya wiki mbili aseme alihudumiwaje, na asiporudi akumbushwe kwa jina.