Mbu wamezoea dawa, chandarua kina kosa gani?

"Mbu wa siku hizi hawafi." Wanaosema hivyo hawasemi uongo. Kwa miaka mingi vyandarua vilitiwa dawa za jamii moja tu, pairethroidi, ambazo pia hupulizwa majumbani na mashambani. Mbu waliosalimika wakazaa wenzao. Kwa hiyo wapo wanaodai ugawaji wa vyandarua usimame, fedha ziende kwenye kufukia madimbwi na kuua viluwiluwi. Hoja hiyo siidharau. Kiluwiluwi kilichofia majini hakimng'ati mtu.

Lakini hapo tunachanganya chandarua na dawa iliyomo. Wilayani Misungwi, Mwanza, watafiti waligawa vyandarua vya aina mbalimbali na kuchapisha matokeo mwaka 2022. Baada ya miaka miwili, palipogawiwa vyandarua vya pairethroidi peke yake, watoto 46 hivi kati ya 100 walikutwa na vimelea vya malaria. Palipogawiwa vyenye pairethroidi pamoja na klofenapiri, dawa ya jamii nyingine, walikuwa 26. Wilaya ni hiyohiyo, mbu ni haohao. Kilichobadilika ni dawa. Hao 20 ndio wanaonikosesha utulivu kila ninaposikia vyandarua vimeshindwa. Katika darasa la watoto 50, ni watoto 10 ambao siku ya kupimwa wangekuwa na vimelea na sasa hawana.

Sababu yenyewe inatia moyo. Pairethroidi hushambulia neva, na mbu sugu huivunja kwa vimeng'enya vyake, yaani kemikali za mwilini mwake zinazovunja sumu. Klofenapiri hukata nguvu ya seli, na inakuwa sumu kali baada ya kubadilishwa na vimeng'enya vya aina hiyohiyo. Kinga ya mbu inamgeuka.

Ni kweli vyandarua vya klofenapiri ni ghali zaidi, na mbu wanaweza kuizoea dawa hii pia. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani lilivipendekeza mwaka 2023 kwa maeneo yenye usugu, na bei isipimwe siku ya kununua tu. Pale Misungwi, vyandarua vilivyoongezwa PBO, kemikali inayodhoofisha vimeng'enya hivyo, vilisaidia waziwazi mwaka wa kwanza. Kufikia mwisho wa mwaka wa pili tofauti yake na vile vya kawaida ilikuwa ndogo mno kutegemewa. Familia inayosubiri ugawaji wa kila miaka mitatu ina mwaka mzima mbele yake wa kulala ndani ya chandarua hicho cha PBO kilichopungua makali.