Dakika 11

Ramani ya simu imeanza tena leo. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Kimara ya Dar, mbele ni taa nyekundu za breki mpaka macho yanapoishia, na yule dada wa ndani ya simu, ambaye hajanunua bushi ya gari hata moja maishani mwake, anatamka kwa sauti ya mtu aliyekunywa chai na kushiba kwamba ipo njia ya haraka zaidi. Kata kushoto. Utaokoa dakika 11.

Angesema kumi tungejua anakadiria tu kama sisi. Hiyo moja ya juu ndiyo inayotumaliza. Mtu mzima, na kitambi chake na tai yake, anawasha indiketa.

Na njia kuu yenyewe, Barabara ya Morogoro, haijamwachia mtu ujanja. Kutoka Kibaha unateremka na njia nane, kilomita 19.2 za mkeka, unajiona waziri. Ukifika Kimara uwaziri unakwisha: magari yote yale yanaingia kwenye njia nne, maana katikati wamekaa mabasi ya mwendokasi na njia zao mbili tangu 2016. Ni kumimina ndoo kwenye chupa ya soda. Ubungo kuna Daraja la Kijazi, barabara za ghorofa tatu, tangu 2021. Foleni haikufa, ilihama nyumba tu. Siku hizi inaishi kwenye taa zinazofuata na kodi tunalipa sisi. Ukisema utanue, upite pembeni ya foleni, unapata mita mia mbili za raha, halafu trafiki huyu hapa, kasimama palepale unapotaka kuchomekea, kama aliyetumwa kukupokea. Faini 30,000.

Ndipo tunapogeukia michepuko. Lile tangazo la "baki njia kuu, mchepuko si dili" watu walidhani linahusu ndoa. Mimi naamini aliyeliandika alikuwa na gari na anakaa Kimara.

Michepuko siyo siri tena. Baruti hadi Msewe kutokea Changanyikeni. Korogwe, Kilungule, Maji Chumvi, unaibukia External. Wa Mbezi wanazunguka na Goba hadi Tangi Bovu, au Malamba Mawili na Kinyerezi hadi Banana. Tabata Dampo kutokea Kigogo. Kila ofisi ina bwana mmoja anayezitaja kwa kunong'ona kama anakuelekeza kwa mganga: "Mimi foleni naisikia tu, mzee." Ananong'ona hivyo hivyo kwa watu arobaini. Halafu zikawekwa lami, na lami ndiyo iliyoziua. Njia ikishapitika vizuri ramani inaipenda, ikiipenda inawatangazia wote waliosimama Kimara, na zile dakika 11 mnagawana watu mia tatu. Anayetaka utulivu wa kweli inabidi akate tena, atoke kwenye mchepuko aingie mchepuko wa mchepuko. Hapo lami inakwisha na ukuta unaanza.

Kichochoro chenyewe mita tatu na nusu. Kulia ukuta wa mtu, kushoto mtaro usio na mfuniko. Toyota IST ina upana wa karibu mita 1.7, mbili ni 3.4, bila saitimira. Zinabaki sentimita kumi za kugawana na kuku. Hesabu hii hakuna anayeipiga kabla ya kuingia. Inapigwa mkiwa boneti kwa boneti.

Na aliyekuja mbele yako siyo IST. Ni Noah ya shule, watoto kumi na mabegi yao, wote wamebandika nyuso kwenye vioo wanakuangalia. Nyuma yake bajaji mbili. Nyuma yako bodaboda wanne, toroli la maji, na Prado ambayo haikupaswa kuwepo eneo hili la dunia, ila nayo imeahidiwa dakika 11.

Mmefikaje hapo? Taa. Dereva mmoja akiwasha na kuzima taa mara mbili anamaanisha "pita". Mwingine akiwasha mara mbili anamaanisha "napita mimi". Mnawashiana kwa upendo kabisa, mnaingia wote.

Sheria ya mtaani haikuandikwa popote lakini ipo. Anarudi nyuma aliye karibu na upenyo, au mwenye watu wachache nyuma yake. Anayepanda kilima na mzigo haguswi. Gari la maji taka haliombi, linapewa. Tatizo ni kwamba kila dereva anahesabu foleni ya nyuma yake mara mbili, na ya mwenzake anaiona nusu.

Dakika ya kwanza ni ya heshima, mikono inapungwa. Dakika ya pili mikono bado inapungwa ila vidole vimebadilika. Dakika ya tatu dereva wa Noah anazima injini. Kuzima injini kichochoroni ni kutangaza vita. Anashusha kioo, anatoa simu, anaanza kuangalia picha za harusi ya mtu.

Dakika ya tano anatokea kiongozi. Kandambili, bukta, mswaki mdomoni. Hakuna aliyemwita. "Njoo bosi, njoo, njoo, kata yote kulia, yote, acha ije, nafasi ipo kubwa." Hata mafuta uliyoweka ni ya elfu kumi, wewe ni bosi. Sasa angalia alipo: kasimama kulia, upande wa ukuta, ambako na wewe unaona vizuri, maana usukani wetu uko kulia. Tairi linalozama ni la kushoto, na kushoto hakuna aliyesimama isipokuwa kuku. Anayejua kazi anainamisha saitimira ya kushoto mpaka aone tairi la nyuma na ukingo wa mtaro kwa pamoja. Gari la otomatiki linarudi kwa kuachia breki kidogo kidogo, mguu haugusi mafuta, na jicho liko kwenye tairi. Kijana mwache aimbe.

Ukimsikiliza yeye: krrr.

"Aah, bosi, umekata sana."

Ukipona, yeye ndiye aliyekupitisha, na anadai jero ya maji. Ukizama, wewe ndiye hujui gari, na kunyanyua ni buku mbili kwa kila kichwa. Vichwa vimeshakuwa sita, vimetoka wapi Mungu anajua. Wana gogo tayari, na lile jiwe bapa la kuweka chini ya tairi lipo palepale pembeni, limelainika juu kwa matumizi, linawangoja mabosi. Hata ubao wa kuweka chini ya jeki ili isizame mchangani wanao. Mtaro ule ukifunikwa kesho kuna familia zitalala njaa.

Mwisho wa yote unarudi wewe hadi kwenye upenyo, kwa sababu watoto wa shule wameanza kukuhesabia moja, mbili, tatu. Mnapishana. Na kwa vile wote mmekaa kulia, madirisha yenu yanakutana sentimita ishirini. Mtu uliyemfokea kwa kiganja dakika sita zilizopita sasa unanusa chai yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Pole na foleni."

Sasa nani kaokoa nini? Kumi na moja za ramani toa kumi na tisa za kichochoroni, mwalimu wa hesabu atusaidie! Tunalipa mafuta, tunalipa bima, tunavaa mashati yaliyopigwa pasi, halafu saa moja kasoro asubuhi tunapangiwa maisha na kijana mwenye mswaki!

Na bado hujafika. Kuna matuta yaliyojengwa na wenye nyumba wenyewe kwa kifusi, kimo cha goti. Ukibeba watano, washushe wa nyuma, pita kiubavu tairi moja moja, vinginevyo sampo, lile karai la oili chini ya injini, inatoboka, oili inavuja, na taa ya oili ikiwaka unazima hapohapo, siyo "nifike kwanza". Wikiendi kuna turubai la shughuli limeziba mtaa mzima. Geuza. Ukipiga honi utapewa kiti na bahasha ya mchango. Mvua ikinyesha, maji yakifika katikati ya rimu, geuza pia. Injini ikivuta maji kwa eya klina haikohoi kama mtu, inapinda konrodi, kile chuma kinachoshika pistoni, na fundi atakuita pembeni kama daktari.

Wala waliobaki njia kuu wasitucheke. Mshale wa joto ukipanda gari limesimama na kushuka likitembea, feni ya rejeta imekufa, na feni huchagua kufa Ubungo. Mfuniko wa rejeta usiuguse, utaungua uso. Zima AC, shusha vioo, washa hita mpaka mwisho. Hita. Dar. Mwezi wa pili. Inasaidia kweli: inalitoa joto kwenye injini na kukukabidhi wewe. Abiria atakuangalia kama umerogwa.

Ila njia kuu angalau ina huduma. Kichochoroni utanunua nini, matofali? Ubungo unaletewa dirishani maji, korosho, chaja, ramani ya dunia ya ukutani, na karanga. Karanga zenyewe nazo, koni imerefuka, imesimama vizuri, unasema leo nimepata, kumbe nusu ya chini wamesokota karatasi tupu. Za jero unapata kumi na nne. Zihesabu, muda upo. Kumi na nne. Taa imewaka kijani, trafiki kanyanyua mkono. Zihesabu tena.