Michigan 1901: Msiniambie Habari za 128

Ukitajwa msimu wa 1901 wa Chuo Kikuu cha Michigan, mashabiki wa futiboli ya Marekani (ile ya mpira wenye umbo la yai) hukimbilia jumla: mechi 11, ushindi 11, pointi 550, na wapinzani wote kwa pamoja hawakuambulia hata moja. Mimi jumla hiyo hainibabaishi. Ndani yake mna 128 walizowatandika Buffalo na 89 walizowatandika Beloit. Hizo ni pointi 217 kutoka mechi mbili, na kuonea vibonde si ubingwa.

Nipe Ohio State 21-0. Nipe Chicago 22-0 na Carlisle 22-0. Hao walibana, na bado hawakupata kitu.

Sifuri hiyo ilikuwa ngumu kuliko inavyoonekana leo. Ni kweli kwamba kushambulia kulikuwa kazi: timu ilipewa nafasi tatu za kusogeza mpira yadi tano, na kuurusha mbele hakukuruhusiwa hadi 1906, kwa hiyo ilikuwa kusukumana kifua kwa kifua. Lakini kuupiga kwa mguu ukapita kati ya milingoti kulikuwa na pointi tano, sawasawa na kuufikisha mstari wa mwisho. Timu dhaifu ikiwa na mpigaji mmoja mzuri ingeweza kukuchafulia msimu. Mechi 11, hakuna aliyeweza.

Kocha wao Fielding Yost alikuwa mgeni pale. Mwaka uliotangulia alikuwa Stanford, akaondoka kwa sababu chuo kiliamua makocha wake wawe wahitimu wake tu. Sasa tazama: tarehe 1 Januari 1902 Michigan wanapanda treni hadi Pasadena, California, kucheza kwenye tamasha la waridi, na wanaowangoja uwanjani ni Stanford haohao. Kipindi cha kwanza kiliisha 17-0. Neil Snow peke yake alivuka mstari mara tano. Michigan hawakubadilisha mchezaji hata mmoja mwanzo hadi mwisho, huku Stanford wakizidi kuumia. Zikiwa zimebaki dakika nane, matokeo 49-0, Stanford wakaomba yaishe, yakaisha.

Waandaaji hawakutaka tena mchezo huo. Futiboli haikurudi kwenye tamasha lao hadi 1916. Katikati ya miaka hiyo waliwahi hata kushindanisha magari ya farasi kama ya Warumi wa kale.

Kuhusu taji lenyewe, sisi tuliozoea msimamo wa ligi tutashangaa. Hapakuwa na ligi ya taifa wala fainali. Ubingwa wa 1901 ulitolewa miaka mingi baadaye na taasisi zilizokaa na kupitia matokeo ya zamani, na hazikuafikiana: nyingine zinawapa Harvard, ambao nao walishinda mechi zao zote mwaka huo. Timu hizo mbili hazikukutana.

Kura yangu naipeleka Michigan bila kusita. Harvard walimaliza msimu wao kulekule mashariki. Michigan walivuka nchi kumfuata mpinzani, wakamchezea kwenye jimbo lake la California, sifuri yao wakaondoka nayo.